Kwa nini bilauri ya kioo ilikuwa alama ya cheo katika nyumba za Marekani ya kikoloni, ilhali bei yake ilikuwa ndogo?

MsomiMkunazini aliuliza:

Assalam alaykum, ndugu zangu na wakubwa zangu.

Nasomesha historia katika skuli moja ya sekondari hapa Mjini Unguja, na muhula huu darasa langu linachunguza maisha ya nyumbani katika makoloni 13 ya Uingereza huko Amerika Kaskazini kabla ya mwaka 1776. Miongoni mwa nyaraka tunazozitumia ni orodha za mali za marehemu. Mtu alipofariki Virginia au Massachusetts, mahakama iliteua majirani wachache waliokula kiapo, kisha wakapita chumba hadi chumba wakiandika kila walichokikuta pamoja na bei yake, ili madeni yalipwe na warithi wapate haki zao. Wanafunzi walilielewa jambo hili mara moja, kwa kuwa hakuna familia hapa kwetu isiyoyajua mambo ya mirathi.

Tatizo limeanzia kwenye vyombo vya kunywea. Kikombe cha fedha huandikwa kwa wakia. Sahani na vikombe vya pyuta, yaani bati lililochanganywa na madini mengine, huandikwa kwa ratili. Lakini bilauri za kioo mara nyingi zimerundikwa katika mstari mmoja pamoja na vyombo vingine vya kioo, na bei iliyowekwa mbele yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya kitanda, ng'ombe au kikombe kimoja cha fedha. Papo hapo, kila tunachokisoma kinasema kwamba bilauri mezani ilikuwa alama ya wazi ya mtu mwenye cheo. Mwanafunzi mmoja ameniuliza: ikiwa wathamini wenyewe, ambao walikuwa majirani wa marehemu, hawakuona thamani kubwa katika kitu hicho, kitakuwaje alama ya utajiri? Sikutaka kumpa jibu la juu juu. Naomba wenye kulijua jambo hili wanisaidie.

MaalimWaWete alijibu:

Waalaykumu salaam, mwanangu. Mwanafunzi huyo ana jicho la mwanahistoria, na ningependa umwambie hivyo.

Mfundishe kwanza kutenganisha bei ya kitu siku ya mirathi na gharama ya kuishi nacho. Kikombe cha fedha kikipondeka, sonara anakiyeyusha na uzito wake unabaki ule ule. Pyuta nayo ilikuwa hivyo, kwani vyombo vilivyochakaa vilirudishwa kwa fundi vikayeyushwa na kumiminwa upya. Bilauri ikianguka, karibu pesa zote zilizotumika kuinunua zimepotea pale pale sakafuni. Kwa hiyo wathamini, ambao kazi yao ilikuwa kukadiria kitakachopatikana mnadani, hawakuwa na sababu ya kuipa bei kubwa. Lakini sababu iliyoishusha bei yake ndiyo iliyoipa heshima. Mwenye kuiweka mbele ya wageni alikuwa akiwaonyesha kwamba ana uwezo wa kutumia mali ambayo akiipoteza hairudi, na kwamba kesho ataweza kununua nyingine. Kikombe cha fedha kilikuwa akiba, na kikashikwa kama akiba. Bilauri ilikuwa matumizi matupu.

Pili, tazameni hali ya karne ya 17. Nyumba nyingi za wakulima zilikuwa na vikombe vya mti, vya pembe, vya ngozi, vya udongo na, kwa aliyejiweza kidogo, vya pyuta. Watu wengi walikunywa kwa zamu kutoka chombo kimoja kilichopita mkono kwa mkono, wala hapakuwa na aibu katika jambo hilo. Nyumba nyingine hata viti havikutosha, mwenye nyumba akikalia kiti na wengine wakikalia mabenchi au masanduku. Katika mazingira hayo, mtu anayempa kila mgeni bilauri yake ameshabadilisha utaratibu mzima wa kukaa na kula: lazima awe na meza ya kutosha, viti, kitambaa cha meza, kabati la kuhifadhia na mtu wa kuhudumia. Bilauri yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama hiyo, na pengine ndiyo sababu mstari wake kwenye orodha hauonyeshi chochote ukiusoma peke yake.

Tatu, ilitoka wapi? Jamestown, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1607, ilijaribu mapema sana kutengeneza kioo. Kampuni ya Virginia ilipeleka mafundi kutoka nchi za Ulaya bara mwaka 1608, na kazi ile haikudumu. Ikajaribu tena kwa mafundi wa Kitaliani mwanzoni mwa miaka ya 1620, na hao pia hawakufanikiwa. Tangu hapo, kwa zaidi ya karne moja, karibu vyombo vyote vizuri vya kioo vilivuka bahari. Mwaka 1674 George Ravenscroft wa London alipata hataza ya kutengeneza kioo cha aina mpya, ambacho kilikuja kujulikana kwa kuchanganywa na oksidi ya risasi, na matokeo yake yakawa kioo kizito, cheupe kama maji ya kisima, chenye mlio mrefu ukikigonga kwa ukucha. Kioo cha namna hiyo ndicho matajiri wa makoloni walichokitaka.

Kukipata hakukuwa kwenda dukani. Mkulima mkubwa wa Virginia alipeleka mapipa yake ya tumbaku kwa wakala London, akaambatanisha barua ya mahitaji, kisha akasubiri miezi mpaka jahazi lirudi. George Washington mwenyewe, miaka mingi kabla ya vita vya uhuru, aliagiza vyombo vya nyumba yake ya Mount Vernon kupitia wakala wake Robert Cary & Company, na barua zake zina malalamiko kwamba bidhaa zilizomfikia hazikulingana na bei aliyotozwa. Wakulima wa tabaka lake walikuwa na madeni makubwa kwa wafanyabiashara wa Uingereza, na sehemu ya madeni hayo ilitokana na vitu vya kupambia meza. Kwa hiyo bilauri ilisema pia kwamba mwenye nyumba anaaminiwa na mtu wa London kiasi cha kukopeshwa.

BintiShangani alijibu:

Shikamoo Maalim, na salamu kwako Msomi. Mimi nafanya kazi na vipande vya kale vinavyotoka ardhini, kwa hiyo nitaleta upande ambao orodha za mahakama haziuonyeshi.

Katika bilauri yenye shina, mdomo ni mwembamba na huvunjika vipande vidogo visivyotambulika kwa urahisi, lakini shina ni nene, na ndilo linalobaki. Likamateni shina hilo kwenye mwanga. La mwanzoni mwa karne ya 18 ni zito, lina mafundo makubwa yaliyopangwa moja juu ya jingine, na mara nyingine ndani ya fundo kuna tone la hewa lililofungiwa kwa makusudi. La katikati ya karne ni jembamba na limenyooka, na ndani yake kuna nyuzi za hewa zilizosokotwa kutoka juu hadi chini, kazi ya fundi aliyetoboa matundu katika donge la kioo kingali moto, akalivuta na kulizungusha mpaka matundu yakawa nyuzi. Mabadiliko hayo yana sababu zaidi ya moja, mitindo ikiwemo, lakini mojawapo ni sheria. Mwaka 1745 Bunge la Uingereza lilipitisha ushuru uliohesabiwa kwa uzito, shilingi 9 na peni 4 kwa kila ratili 112 za malighafi ya kioo kizuri, na viwanda vikawa na kila sababu ya kupunguza uzito na kuuza ufundi badala yake. Mgeni mwenye kujua mambo, akiketi katika nyumba ya Annapolis au Boston, aliweza kutazama shina tu akajua kama mwenyeji wake ananunua vitu vya sasa au anatumia vya baba yake.

Hapo ndipo ninapotaka kuongeza juu ya maneno ya Maalim. Cheo hakikuwa katika kumiliki kioo tu, bali pia katika kujua matumizi yake. Michoro ya karne ile inaonyesha waungwana wakishika bilauri kwa shina au kwa kitako, vidole vikiwa mbali na sehemu yenye kinywaji. Kulikuwa na bilauri za mvinyo, glasi fupi zisizo na shina, vikombe vidogo vya kioo vya kulia jeli, na sinia za kioo zenye mguu zilizopandishwa moja juu ya nyingine, kubwa chini na ndogo juu, zikajazwa vitu vitamu katikati ya meza. Kulikuwa na bakuli kubwa lenye ukingo uliokatwa mapengo, ambamo bilauri zilining'inizwa kwa vitako vyake huku vichwa vikipoa ndani ya maji baridi. Asiyezoea nyumba kama hizo angejulikana kabla hajafungua mdomo.

Vinywaji vyenyewe vingi vilikuwa vya kulevya, jambo ambalo si la kwetu, lakini mfano mmoja unafaa darasani. Panchi ilikuwa mchanganyiko wa ramu, ndimu au limau, sukari, maji na viungo. Katika vilabu vya kawaida, bakuli la panchi lilipita mdomo kwa mdomo. Katika nyumba ya muungwana, kinywaji kile kile kilichotwa kwa upawa mrefu kutoka bakuli la kaure ya China, kikamiminwa katika bilauri ya kila mtu. Ramu na sukari zilitoka visiwa vya Karibi, zimetengenezwa kwa jasho la watumwa, katika vilabu na majumbani vilevile. Tofauti yote ilikuwa katika chombo, na nadhani mwanafunzi wako ataliona jibu lake hapo kuliko katika maelezo marefu.

Chupa nazo zisisahauliwe. Wenye uwezo waliagiza chupa za mvinyo zenye muhuri wa kioo begani, muhuri uliopigwa jina au herufi za mwenyewe ilipokuwa bado laini. Mihuri hiyo imefukuliwa Jamestown, Williamsburg na kwingineko, na inatuwezesha kujua jalala fulani lilikuwa la nani.

MsomiMkunazini aliandika tena:

Mmenifungulia mlango mkubwa, na nawashukuru. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, je, heshima hiyo ilidumu, au watu wa kati walianza kununua bilauri na alama ikapoteza nguvu? La pili, mwenzangu mmoja skuli ananiambia kwamba wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, waliokuja Unguja ndio waliokuwa wakitumia vyombo hivi, na anataka tuuweke uhusiano huo katika somo. Sina hakika kama nyakati zinalingana.

WakiliWaVuga alijibu:

Ndugu Msomi, nianze na la pili kwa sababu ni jepesi. Nyakati hazilingani. Mkataba wa urafiki na biashara baina ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani hapa, Richard Waters, alianza kazi mwaka 1837. Wakati huo Marekani ilikuwa imeshakuwa taifa huru kwa zaidi ya nusu karne, na viwanda vyake vilikuwa vikimwaga bidhaa, kitambaa cha merikani kikiwa ndicho tunachokikumbuka zaidi. Salem ni mji wa kikoloni kwa asili yake, lakini mabaharia wake waliotia nanga hapa walikuwa watu wa zama nyingine. Msiyachanganye katika somo moja.

La kwanza linataka maelezo zaidi, na hapa naomba kutofautiana kidogo na Maalim, kwa heshima. Hoja ya mali isiyorudi inaifaa sana karne ya 17. Kufikia miaka ya 1750, katika miji ya bandari, glasi rahisi zilikuwa zimeshafika katika vilabu na katika nyumba za mafundi na wenye maduka, na mtu wa kawaida angeweza kumiliki moja au mbili. Kwa hiyo kuwa na kioo tu hakukutosha tena kumtenga bwana na jirani yake. Kilichomtenga ni seti: dazeni za bilauri zinazofanana, pamoja na chupa ya kumiminia ya aina ile ile, ambazo zikivunjika mbili huagizwa mbili nyingine London ili hesabu itimie.

Kwamba wakubwa walikerwa na kuenea huko kunaonekana katika shajara ya safari ya mwaka 1744 ya daktari wa Annapolis aitwaye Alexander Hamilton, ambaye si yule waziri wa fedha wa baadaye. Akisafiri karibu na mto Hudson, aliingia na mwenzake katika kibanda cha familia masikini yenye watoto wengi. Yule mwenzake alikuta humo kioo cha kujitazamia chenye fremu iliyopakwa rangi, vijiko na sahani za pyuta na vyombo vya chai, akasema kwamba hivyo vyote ni vya ziada kwa watu wa hali yao, kwamba sahani na vijiko vya mti vingewatosha, na kwamba ndoo ya maji ingefaa badala ya kioo. Naliona neno hilo kuwa zito sana. Hakusema kwamba wameiba au wamekopa wasipoweza kulipa. Alisema tu kwamba vitu vile si vya watu kama wao. Pale chombo kinapochukuliwa hivyo, kimeshakuwa vazi la cheo, na kulivaa bila cheo kunahesabiwa kuwa utovu wa adabu.

Kisha ikaja siasa. Sheria za Townshend, zilizopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1767, zilitoza ushuru wa forodha kwa kioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai vinavyoingia makoloni. Kioo kizuri kilitozwa shilingi 4 na peni 8 kwa kila ratili 112, na kioo cha kijani shilingi 1 na peni 2. Wafanyabiashara wa Boston, New York na Philadelphia walikubaliana kutoagiza bidhaa za Uingereza, na ghafla bilauri mpya kutoka London, iliyokuwa ikimpa mtu heshima, ikaweza kumfanya aonekane msaliti. Mwaka 1770 ushuru huo uliondolewa, isipokuwa ule wa chai.

Viwanda vya huko huko vilikuwepo, ingawa vichache. Caspar Wistar, Mjerumani aliyepata mali Philadelphia kwa kutengeneza vifungo vya shaba, alianzisha kiwanda New Jersey mwaka 1739, kikitoa zaidi chupa na kioo cha madirisha. Gavana William Franklin, alipotakiwa na serikali ya London mwaka 1768 kueleza viwanda vilivyokuwa katika koloni lake, alikitaja kama mahali pa chupa na kioo duni cha kijani kinachotumiwa katika nyumba za masikini. Alikuwa na sababu ya kukidunisha, kwa kuwa London haikupenda kusikia makoloni yanajitosheleza.

Aliyethubutu kushindana na Waingereza katika vyombo vizuri vya mezani ni Henry William Stiegel wa Manheim, Pennsylvania. Aliajiri mafundi kutoka Ulaya, akatengeneza glasi zenye nakshi na rangi zilizofanana mno na za Uingereza na Ujerumani, kiasi kwamba mpaka leo wataalamu hupata shida kuzitenganisha. Alitegemea kwamba mgomo wa bidhaa za Uingereza ungemletea wateja. Wateja waliokuja hawakutosha, na mwaka 1774 alifungwa kwa sababu ya madeni. Nadhani kisa chake kinajibu swali la mwanafunzi kwa njia nyingine: glasi zake zilikuwa nzuri, lakini hazikuwa zimetoka London, na kwa wengi waliokuwa na fedha za kununua seti, kutoka London kulikuwa nusu ya thamani ya kitu chenyewe.

MaalimWaWete alijibu:

Wakili, hoja yako ya seti naikubali, na inasaidia kuzisoma zile orodha. Msomi, waambie wanafunzi wasiutazame mstari wa bilauri peke yake. Waangalie iliandikwa katika chumba gani. Glasi mbili zilizotajwa jikoni, baina ya vyungu na ndoo, si sawa na dazeni iliyotajwa katika chumba cha kulia pamoja na meza ya mti wa mahogani, vitambaa vya meza na upawa wa fedha. Waangalie pia kama mthamini amehesabu au amerundika. Aliyehesabu ameona seti. Aliyerundika ameona mabaki.

Na kuna jambo moja ambalo sote tumelipita haraka. Bilauri hizi lazima zioshwe moja moja kwa mkono, zipanguswe zisibaki na alama, na zibebwe juu ya sinia zikiwa zimejaa. Katika nyumba kubwa za Virginia, Maryland na South Carolina, na katika nyumba nyingi za New York na Boston pia, aliyefanya kazi hiyo alikuwa mtumwa. Mara nyingi jina lake lipo katika orodha ile ile ya mirathi, na bei mbele yake, kurasa chache kabla au baada ya vyombo alivyoviosha. Sisi watu wa visiwa vya karafuu hatuna haja ya kuelezwa maana ya ukurasa kama huo.

BintiShangani alijibu:

Maalim amegusa lililokuwa moyoni mwangu. Katika machimbo ya makazi ya watumwa kwenye mashamba makubwa ya Virginia, wanaakiolojia wameokota vipande vya kaure na vya vyombo vya kioo vya mezani. Wengine wanadhani vilikuwa vyombo vilivyopasuka ukingo au vilivyobaki peke yake baada ya seti kuvunjika, vikatolewa katika nyumba ya bwana; vingine huenda vilinunuliwa, maana baadhi ya watumwa waliuza kuku, mayai na mboga wakapata senti zao. Vyovyote vilivyofika, vilitumika, na mtu alikunywa kwa bilauri ile baada ya kazi.

Msomi, ukitaka, wape wanafunzi zoezi hili: wachukue orodha moja yenye vyumba vilivyotajwa, wachore ramani ya nyumba, kisha waandike katika kila chumba nani alikunywa kwa chombo gani na nani alikiosha. Orodha nyingi hazitajaza majibu yote, lakini mapengo yatakayobaki yatawaonyesha ni watu gani wathamini hawakuona haja ya kuwaandikia zaidi ya jina na bei.

MsomiMkunazini aliandika:

Nitaanza zoezi hilo wiki ijayo, inshallah, kwa orodha ya Virginia yenye vyumba vilivyoandikwa wazi. Somo la Salem nitalitenga lisomwe pamoja na mkataba wa 1833. Mwanafunzi aliyeuliza nitampa majibu yenu yote ayasome mwenyewe, pamoja na pale mlipotofautiana.